Atamupa Mujumbe Sauti Yake

Kila siku, saa kumi na mbili jioni kasoro robo, Médard Tshilumba alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akachukua ufagio na kufagia ua wa Posti ya Sauti ya Kamina. Alifagia dakika kumi, hakuzidisha. Kisha alinawa mikono, akavaa koti lake, akaingia chumba cha mikrofoni na kuwasomea watu wa cité, mtaa wa Waafrika, habari za dunia kwa lugha mbili.

Ufagio ulikuwa na sababu yake. Katika kitabu cha vyeo vya kazi kilicholetwa na treni kutoka Elisabethville, mishahara ilipangwa kufuatana na namna mtu anavyoutumia mwili wake: mwenye kubeba, mwenye kuchimba, mwenye kuendesha, mwenye kuandika, mwenye kufagia. Mwenye kusema hakuwemo. Mkubwa wa posti alikuwa Mbelgiji ambaye watu walimwita Bwana Kipimo, kwa sababu alipima kila kitu kwa saa yake ya mfukoni, hata muda wa mtu kwenda chooni. Alikipekua kile kitabu mpaka jalada la nyuma, na mwisho akawaandika wasomaji wake pamoja na wafagiaji. Lakini hakupenda karatasi iseme uongo, hilo tumpe. Ndiyo maana kila msomaji alipaswa kufagia dakika kumi kwa siku. Mshahara ulikuwa wa mfagiaji na posho ilikuwa ya mfagiaji: unga, maharage, chumvi, na samaki mkavu wa Bukama mwenye miiba mingi kuliko nyama.

Wafanyakazi walioandikwa wafagiaji walikuwa saba. Médard, mtu wa Kasai, alisoma Kiswahili na Tshiluba. Ézéchias Kalenga, mwenyeji, alisoma Kiluba. Abner, mtu wa kwaya, mwenye sauti nzito, alisoma matangazo ya vifo. Éliézer alipanda ngazi kutengeneza vipaza sauti kumi na kimoja vilivyofungwa juu ya nguzo za cité. Mwila alichunga mtambo wa umeme. Walinzi walikuwa ndugu wawili kutoka Sanga, na hao walisema kwa nadra sana hata watu wengine walidhani ni wageni wasiojua lugha. Wote saba walilipwa sawasawa, maana kitabu kiliwaona wote ni ufagio mmoja.

Médard alikuwa na neno lake la kufungulia. Halikuwa kwenye karatasi. Alilianza siku moja soko lilipokuwa na makelele mengi, likakaa: "Kimya, kimya, bantu ya Kamina!" Hapo soko zima linanyamaza, hata wauza samaki, na wale si watu wa kunyamazishwa na mtu yeyote.

Mwezi wa kumi wa mwaka 1953 ikaja barua. Kila mahali pa kazi pawe na Baraza la Kazi, na wafanyakazi wamchague mjumbe atakayekaa humo kuwasemea. Wale saba waliipokea barua hiyo kwa furaha ambayo hawakuionyesha, kwa sababu kwa miaka mitatu jambo lao lilikuwa moja tu: kitabu kiongezwe mstari mmoja, mwenye kusema.

Barua ilikuwa ya Kifaransa. Bwana Kipimo alimpa Médard dakika kumi aitafsiri ili isomwe kwenye vipaza sauti. Ilisema kwamba kila mfanyakazi atampa mjumbe amtakaye "voix" yake. Sasa neno hilo, kwa Wafaransa, linabeba mizigo miwili: sauti inayotoka kinywani, na kura inayotiwa sandukuni. Kamina ilikuwa bado haijapiga kura hata moja. Médard alishika kalamu, akamgeukia Gamaliel, karani wa biro, aliyemwita yaya, yaani kaka.

"Yaya Gamaliel, voix, tutaandika namna gani?"

"Voix njo sauti," Gamaliel akajibu bila kuinua kichwa. "Weye unafanya nayo kazi kila siku, unaniuliza minyi?"

Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Médard akaandika: "Kila mutumishi atamupa mujumbe sauti yake." Akaisoma jioni ile ile, watu wakaisikia, na ikawa ndiyo sheria.

Jumamosi wakapanga mstari uani. Pazia lilikuwa limefungwa pembeni, nyuma yake kuna kiti kitupu. Waliingia mmoja mmoja, kila mmoja akalitaja jina la mtu anayemtaka. Jina hilo lilikuwa neno lao la mwisho. Éliézer alipotoka alitaka kumtania Mwila, akafungua kinywa na kukifunga tena. Mwila naye aliingia akatoka hivyo hivyo. Hakuna aliyepiga kelele, na kwa kweli asingeweza. Tangazo lilikuwa limesema wazi.

Ézéchias aliingia wa mwisho. Alipotoka akasema, "Haya, imeisha," kwa sauti yake mwenyewe, safi kabisa. Wenzake sita wakamtazama. Mtu mwenye adabu hajichagui mwenyewe, hata mtoto anajua. Ézéchias alisimama pale na aibu yake, kila mtu ameijua, na hakuna aliyekuwa na cha kumsemea. Alitaka kuwaomba radhi. Kilichotoka kilikuwa sauti nzito ya Abner, na Abner, aliyesimama mbele yake, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesalimiwa na jamaa yake.

Nyumbani, mke wake Ndaya alikuwa anasonga bukari, ugali wa huko. Ézéchias akamuuliza kama kuna maji ya kunawa.

"Nani iko anasema mu kinywa yako?" Ndaya akauliza.

"Njo Éliézer. Iko sita humu ndani. Balinipa."

"Muambie Éliézer bukari itatosha. Lakini samaki ni ya bantu wawili."

Baraza lilikuwa likutane tarehe kumi na nne ya mwezi wa kumi na moja. Ézéchias alikaa na sauti sita kifuani majuma matano, na hayo majuma matano yalimkondesha. Aliogopa kukohoa. Aliogopa pilipili. Alifunga kitambaa shingoni katika joto lile la kabla ya mvua, akalala kidevu kimefungwa kama mtu anayeumwa jino. Siku moja vumbi la soko likamshika, akapiga chafya, na sauti ya Mwila ikamtoka, ikaenda kuzunguka kati ya vikapu vya samaki ikiuliza bei bila kununua, tabia ya Mwila ile ile. Ilimchukua robo saa kuibembeleza irudi. Toka siku ile alipita mbali na soko.

Kazi ilikuwa yake peke yake. Alisoma habari kwa sauti ya Médard, vifo kwa sauti ya Abner, Kiluba kwa sauti yake. Katikati ya habari za vita vya mbali sauti za ndugu wa Sanga zilikuwa zinapumua, basi, zikisikiliza. Bwana Kipimo alitazama saa yake, akakuta dakika ni zile zile, akaridhika.

Alasiri wake za wenzake walikuja na mikeka yao kwenye lupango, ua wa nyumba ya Ézéchias. Ndaya aliwapa viti vilivyokuwepo. Mke wa Éliézer alitaka kujua ufunguo wa sanduku uko wapi, sauti ya mume wake ikamwambia uko juu ya mlango. Mke wa Abner alitaka wimbo tu. Lucienne, mke wa Médard, alikuja na mimba yake ya miezi minane, akashusha pumzi, akakaa.

"Moyo, Lucienne," ikasema sauti ya Médard, kama watu wa Kasai wanavyosalimiana.

"Moyo, baba," Lucienne akajibu, akimtazama Ézéchias usoni, kisha akatazama pembeni kwa sababu uso haukuwa wenyewe. "Mutoto anapiga mateke sana weye ukisoma habari. Ananyamaza ukimaliza."

Hapo ndipo pilipili halisi ilipokuwa. Katika ukoo wa Médard, mtoto akizaliwa, baba humtia jina kwa kinywa chake mwenyewe, sikioni, kabla kitovu hakijakauka na kuanguka. Neno la kwanza ambalo mtoto anapata kutoka kwa baba yake ndilo jina, na hakuna kurudia. Ukoo ule haukufanya mchezo na jambo hili. Kaka mkubwa wa Médard aliitwa Mbuji, yaani mbuzi, kwa sababu siku ile mbuzi aliingia mlangoni na baba yao akamfukuza kwa kumtaja. Mtu mzima, mwenye watoto saba, fundi wa baiskeli, na mpaka leo anaitwa Mbuji.

Médard alikuja mwenyewe siku moja baada ya kufagia. Alikuwa ameandika nyuma ya karatasi ya habari za jana: "Mutoto atakuja mwisho wa mwezi. Utanirudishia mbele yake?"

"Ntakurudishia," Ézéchias akasema. "Siku ya baraza ikiisha, ile ile siku. Ahadi ni deni."

Alikuwa amesema kwa sauti ya Médard bila kukusudia. Médard akajisikia yeye mwenyewe akijiahidi, akakunja karatasi, akaenda zake ametulia.

Tarehe kumi na nne ikafika. Katika chumba cha baraza meza ilikuwa ndefu, upande mmoja wamekaa wazungu wanne, upande wa pili kuna kigoda. Gamaliel alikaa pembeni na wino wake. Juu ya meza paliwekwa mashine mpya ya kunasa sauti, iliyoshuka kwenye treni juma lile lile, na magurudumu yake mawili ya utepe. Bwana Kipimo alieleza kwamba mashine imeletwa ili asitokee mtu baadaye wa kusema kwamba wafanyakazi hawakusikilizwa.

Ézéchias alisimama.

Sauti ya Éliézer ilisema kwamba nguzo ni ndefu, ngazi ni fupi, na mfagiaji hapandi nguzo. Sauti ya Mwila ilisema mtambo unamchoma mikono, na katika kitabu ufagio hauchomi mtu. Sauti ya Abner ikafuata.

"Minyi nasoma vifo ya bantu. Siku mama yangu alikufa, minyi njo nilisoma. Kisha nikachukua ufagio, nikafagia dakika kumi."

Sauti ya Médard ilisema: "Tunaomba mustari moja mu kitabu. Mwenye kusema. Mustari moja tu, Bwana, hata iwe fupi."

Wazungu walidhani imekwisha. Ndipo zikatoka zile sauti mbili za Sanga, mpya kabisa, kama vyombo vilivyowekwa kabatini kwa ajili ya wageni, zikasema pamoja: "Na sisi."

Bwana Kipimo akatazama saa. Dakika kumi na moja. Akaeleza kwa upole, maana hakuwa mtu wa ukali, kwamba kwa sheria sauti ya mjumbe ni sauti ya ushauri. Inasikiwa, haihesabiwi. Zinazohesabiwa ni zile nne zilizokaa upande wa meza. Zile nne zikahesabiwa. Mstari haukuongezwa. Gamaliel akaandika kwamba mjumbe alisema vizuri.

Ézéchias akajipapasa kifuani. Kifua kilikuwa chepesi, chepesi vibaya, kama nyumba iliyohamwa. Alimeza mate. Hakuna kilichojibu.

"Bwana," akasema, na ilikuwa sauti yake peke yake, "na zile sauti za benzangu?"

"Zimepokelewa," Bwana Kipimo akasema, akifunga kifuniko cha mashine.

"Balinipa tu nije nazo hapa. Ni zao. Napashwa kubarudishia leo."

Bwana Kipimo akamwomba Gamaliel alete tangazo. Gamaliel akalileta, akalisoma kama lilivyo: kila mutumishi atamupa mujumbe sauti yake.

"Atamupa," Bwana Kipimo akarudia kwa Kiswahili chake, akiweka kidole juu ya neno. "Médard iliandika yenyewe. Haikuandika ataazima. Kitu ya kupana haina kurudi. Weye iliwapa baraza, baraza inawapa posti."

Hili liliandikwa pia.

Wenzake walikuwa wanamngoja uani, wamesimama kando ya ukuta, kila mmoja amevaa shati la Jumapili. Médard alikuwa mbele. Ézéchias alitembea kutoka mlangoni mpaka kwao, hatua kama thelathini, na hakuna safari iliyomchosha maishani kama ile. Akafungua kinywa. "Bandugu," akasema. Waliisikia ni sauti ya nani. Walingoja kidogo, labda nyingine zinakuja nyuma. Hazikuja. Abner alimshika bega, akaliachia, akaenda kuchukua baiskeli yake.

Jumatatu mashine ikaanza kazi. Ilionekana kwamba sauti zile hazikuhitaji tena mtu: ukiweka karatasi mbele ya mashine, utepe unazunguka na sauti zinasoma zenyewe, kila moja sehemu yake. Hazikohoi, haziendi chooni. Watu wa cité walisema habari zimekuwa safi siku hizi. Bwana Kipimo akafungua kitabu cha vyeo, akakuta kwamba wale sita hawana tena sababu ya kufanya kazi nyingine zaidi ya ile waliyoandikiwa. Wakapewa ufagio wa siku nzima. Ézéchias, ambaye sauti yake haikuwa kwenye utepe, aliandikwa mpeleka karatasi: aichukue kwa karani, aiweke mbele ya mashine, aiondoe. Mshahara haukubadilika. Karatasi haikusema uongo tena hata kidogo.

Tarehe ishirini na saba Lucienne alijifungua mtoto wa kike.

Siku ya kwanza watu walikuja kutazama na kuondoka bila kuuliza jina. Siku ya pili pia. Ndaya alipeleka unga na mafuta, akarudi amenuna.

"Kitovu iko inakauka," akamwambia mume wake. "Lucienne anaimwangia maji kidogo-kidogo juu isianguke. Anaogopa hata kumufunga mutoto nguo. Weye uliahidi."

"Najua niliahidi."

"Na kinywa ya nani?"

Ézéchias alisukuma sahani pembeni. Alikuwa hali vizuri tangu baraza. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, lakini kwake mdomo wake ulikuwa umebaki salama na vichwa vilivyoponzwa vilikuwa vya wengine, na hilo ndilo lililokuwa linamla.

Siku ya tatu Médard akaja, mabega yana vumbi la ua. Akampa karatasi. Juu yake neno moja, kwa herufi kubwa, kwa mwandiko wake mzuri kama wa karani: TSHIELA. Lilikuwa jina la mama yake. Hakuandika zaidi. Alimtazama Ézéchias tu, na Ézéchias, mpeleka karatasi, akaelewa kabla ya yule mwingine kugeuza mgongo.

Jumanne aliliandika neno lile juu kabisa ya habari za Kiswahili, kwenye sehemu ya Médard. Bwana Kipimo alikuwa anapitia kila karatasi kwa kalamu nyekundu. Akalikuta.

"Hii nini?"

"Ni jina, Bwana."

"Jina si habari," akasema, akalikata kwa mstari ulionyooka.

Jumatano kitovu kilikuwa kinaning'inia kwenye uzi. Ézéchias alimngoja Bwana Kipimo amalize kupitia karatasi na kutia sahihi yake. Kisha, njiani kati ya biro na chumba cha mashine, hatua kumi na nne, akasimama, akaiweka karatasi ukutani na kuandika neno lile tena kwa kalamu ya risasi. Alijua watamkata posho, pengine watamkata kazi, na Ndaya hana ndugu Kamina wa kumkimbilia. Akaandika herufi zote saba. Hazikunyooka, lakini zilisomeka.

Sokoni, chini ya nguzo ya nne, walikuwa wamekusanyika wenzake wote. Éliézer alikuwa ameiba ngazi yake ya zamani, ambayo sasa iliandikwa kwa mtu mwingine, akaishikilia kwa mikono miwili. Médard alipanda na mtoto amemfunga kifuani. Ngazi ilikuwa fupi, kama baraza lilivyoambiwa. Alisimama kwenye kidato cha mwisho, akamfungua mtoto, akamwinua mpaka sikio lake dogo likawa karibu na kile kinywa cha bati. Lucienne aliangalia chini. Wauza samaki waliendelea kuuza, lakini kwa bei ya kunong'ona.

Ézéchias alitazama saa ya ukutani. Saa kumi na mbili kamili. Akaweka karatasi mbele ya mashine, magurudumu yakazunguka, na dirishani akamwona Médard juu ya ngazi kwa mbali, mdogo, mikono imenyooka. Alisubiri jina. Kwa mara ya kwanza toka mwezi wa kumi moyo wake ulikuwa umetulia.

"Kimya, kimya, bantu ya Kamina!" ikasema sauti ya Médard. "Tshiela. Habari za leo."

Ézéchias alikuwa amelisikia neno lile la kufungulia kila jioni kwa miaka mitatu. Alikuwa ameifikiria kalamu nyekundu, posho, ngazi, mwandiko, uzi wa kitovu. Hilo moja hakulifikiria. Wala Médard hakulifikiria, na lilikuwa lake.

Médard aliteremka polepole, kidato kwa kidato. Alipofika chini alimtazama mke wake, naye Lucienne akampokea mtoto, akamfunika vizuri. Wale wanawake wa Kasai waliokuwepo walitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwisho Lucienne mwenyewe akasema.

"Kimya," akasema. "Basi. Anaitwa Kimya. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Tena mara mbili," akasema mama mmoja muuza samaki, kwa kumfariji. "Jina ya mbuzi ilisemwa mara moja tu."

Kitovu kilianguka asubuhi yake. Gamaliel alimwandika mtoto kwenye daftari, Kimya Tshilumba, na akauliza mara mbili kama herufi ni sahihi, kwa sababu tangu lile tangazo amekuwa mtu wa kuuliza. Bwana Kipimo, ambaye alisikia neno moja lililozidi kwenye habari, alimkata Ézéchias posho ya siku sita. Wenzake sita walimletea unga, kila mmoja kikombe kimoja, wakauweka mlangoni bila kubisha.

Ézéchias bado ni mjumbe. Kila baada ya miezi mitatu anavaa koti, anakaa kwenye kigoda, anaomba mstari mmoja na sauti sita, na anasikiwa. Mwaka 1955 kitabu kipya cha vyeo kilikuja, kinene kuliko cha kwanza. Kilikuwa na mistari ya mwenye kuendesha gari lenye tela na mwenye kunyunyizia dawa ya mbu. Alikisoma chote akiwa amesimama, mara mbili, akakirudisha kwa Gamaliel.

Mwaka ule mtoto wa Médard alikuwa anatembea na kuanza kusema. Alijifunza kutoka kwa mama yake, kwa hiyo alisema Tshiluba cha kike, chenye upole. Katika cité nzima alikuwa mtoto pekee aliyeitwa na baba yake kila jioni, saa ile ile, mbele ya watu wote. Médard akitoka kazini alimbeba mabegani, wakapitia sokoni, wakasimama chini ya nguzo ya nne wakingoja.

"Kimya, kimya!" ikaita sauti kutoka juu.

"Tatu!" mtoto akaitikia, kama wanavyowaita baba zao kwao, akanyoosha mikono kuelekea kwenye kile kinywa cha bati.

Médard akamshika kiunoni na kumwinua juu zaidi, ili asikie vizuri.